Hati ya Shamba la Bi Safiya

SAA 7:02 MCHANA, TYSELEY

"Sefu yenyewe ni ya zamani," alisema Lakhbir. "Nipeni dakika nane."

Walikuwa watatu, wamejibana chumba cha nyuma cha duka lake la kufuli, huku ughaibuni. Lakhbir, Singasinga wa Nairobi, alishaonja jela mara moja na hakuipenda. Hafidh, dereva, ni mume wa Jokha. Wa tatu ni Ussi, kaka yake huyo Jokha, ambaye toka asubuhi alikuwa akitazama saa.

Tusimwonee huruma. Balaa aliileta mwenyewe. Miezi mitatu nyuma alikwenda kwenye semina ya Azizi, yule bwana suti wa Digbeth, akaonyeshwa picha za hoteli ambayo haijajengwa. Fursa. Masoko mapya. Pemba ndiyo Dubai ya kesho, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Asiye na pesa aweke ardhi. Basi Ussi akaenda Northfield kwa mama yake, akafungua sanduku lake, akachomoa hati ya shamba la karafuu la Pemba na kumpelekea Azizi. Akapewa cheti cha hisa chenye nembo ya kupendeza, na cheti hicho hakifai hata kufungia kashata.

Sasa Azizi anaruka leo jioni na hati zote alizokusanya kwa watu, kwenda kwa mnunuzi. Mama wadogo wa Ussi wanaishi kwenye shamba lile, wao na wajukuu kumi na mmoja. Hati ikifika, watatolewa na vyungu vyao. Bi Safiya, mama mwenyewe, hajui lolote.

"Mama akijua atakufa," Ussi alisema.

"Hatojua," alijibu Hafidh. "Azizi anafunga ofisi kwa sala ya Ijumaa. Saa saba na nusu mpaka saa nane hamna mtu mle. Tunaingia, tunatoka."

"Na tunachukua hati ya mama tu."

"Ya mama tu, shemeji."

SAA 7:34, DIGBETH

Mlango wa nyuma haukumsumbua Lakhbir. Wakapanda ngazi. Kitasa cha juu nacho kikatii. Wakaingia.

Ofisi ya Azizi ina zulia jeupe na rafu ya viatu mlangoni, maana watu husali humo. Ussi, bila hata kufikiri, akavua buti zake na kuzipanga vizuri kwenye rafu. Lakhbir akamgeukia kwa hasira.

"Tumekuja kuiba, na wewe unavua viatu?"

Ussi akamtazama miguuni. Mzee mwenyewe alikuwa na soksi tupu, kwa mazoea ya gurdwara, hekalu lao.

"Fanya kazi, mzee," Ussi akasema.

Hafidh hakuvua. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

SAA 7:43

Sefu ikafunguka. Zilikuwamo hati ishirini na kitu, kila moja na ukoo wake. Ussi akapekua mpaka akaiona alama ya dole gumba la mama yake, wino umepauka. Machozi yakamlengalenga.

"Hii hapa. Twendeni."

"Tia zote," alisema Hafidh, begi wazi mkononi.

"Tulisema moja."

Hafidh akamkwapua ile hati, akazisomba na nyingine. "Nimeshaongea na mnunuzi. Hajali nani anampelekea. Nikae mpaka lini, shemeji, naendesha malori ya watu?"

"Ni shamba la mkweo, Hafidh. Ndugu zake wanalala pale."

"Watapata pa kulala."

Akatimka. Ussi akamfuata na soksi, akateleza ngazi ya tatu, akabiringika mpaka chini. Alipojikokota hadi uani, gari walilokuja nalo lilishakata kona. Mwenye viatu alikuwa mmoja tu, na alijua tangu mwanzo kwamba atakimbia.

SAA 7:47

Lakhbir alishuka akihema, viatu vyote mkononi. "Vaa, twende. Tutamtafuta huyo mshenzi baadaye."

"Baadaye lini? Anazipeleka kwa mnunuzi; jioni atakuwa angani."

Ussi akatoa simu. Gari lile ni la Jokha. Ussi ndiye aliyemfundisha dada yake kuliendesha, na namba zake anazo kichwani.

"Unampigia nani?"

"Polisi."

Lakhbir akaganda. "Utafungwa, kijana."

"Nifungwe. Wakimkamata nazo, hati zinakaa kabatini kwao mpaka kesi iishe. Hafidh hazigusi, Azizi hazigusi. Wewe nenda. Sikukuona."

Mzee alimshika bega, akalibana kwa nguvu, kisha akapotelea uchochoroni.

Simu ikapokelewa. Ussi akataja namba za gari, rangi yake, na njia liliyoelekea. Mwanamke wa upande wa pili akamuuliza jina. Akalitaja lote, na la baba, na la babu, akasema yuko palepale uani, waje.

"Na kilichoibwa ni nini?"



"Shamba la mama yangu," alisema. "Nimeliiba mimi. Mara mbili."