Shahidi wa Nukta ya Tatu

"Kozi! Kozi! Huyu Mnara. Droni imevuka mto!" dada wa rada alipaza sauti redioni.

Kozi alikaza mkono. Pikipiki yake ya Honda ikanguruma, vumbi likabaki nyuma likimfuata kama mdai asiyekata tamaa.

Mbali, angani, droni nyeusi ilikwenda bila kuyumba. Tumboni ilibeba kiwashio cha mbali cha kulipulia bomu. Bomu lenyewe maadui wa ng'ambo walikwisha kulifukia mahali fulani kwenye njia ya reli. Barabara zote zilikuwa na vizuizi, ndipo mahasidi wakaazima njia ya ndege.

Treni ya abiria ilikuwa njiani. Mkewe Kozi alikuwamo.

"Isimamisheni!" Kozi alikuwa amesema asubuhi ile.

"Tukiisimamisha watajua tumewajua," mkuu wake alimjibu. "Niamini, mwanangu."

Akamwamini. Vipi asimwamini? Huyo ndiye Mwalimu, aliyemfundisha hesabu tangu utotoni, akamwingiza katika kazi ya siri, na siku ya ndoa yake akaketi mahali pa baba.

Redio ya Motorola ikakwaruza. Ilikuwa sauti yake, tulivu kama maji ya mtungini.

"Mwanangu, nimeiona kwa darubini. Itapita nukta tano, tatu. Itatua nane, sufuri. Kimbilia kiwanda cha matofali, mashariki."

"Naam, Mwalimu."

Kozi akageuza usukani. Kisha, kwa mazoea tu, akafunga breki.

Ramani yao ilikuwa ya miraba. Kitovu chake kilikuwa mnara wa saa. Namba ya kwanza ilihesabu kilomita kwenda mashariki, ya pili kwenda kaskazini, na reli ililala juu ya mhimili wa mashariki. Droni ya aina ile haijui kupinda. Ikishatumwa, hunyooka mpaka itue.

"Mnara, nipe nukta mbili za rada."

"Moja, tisa. Kisha tatu, tano. Kaka, mbona umesimama? Huu ni wakati wa mtihani?"

"Ndiyo, dada. Tena bila kuibia."

Akaandika kwa kidole juu ya tangi lenye vumbi. Kutoka tisa hadi tano, imeshuka nne. Kutoka moja hadi tatu, imesogea mbili. Mteremko ni hasi mbili. Akaitia nukta ya kwanza: tisa ni sawa na hasi mbili, kuongeza kumi na moja.

y = −2x + 11.

Nukta mbili huzaa mstari, Mwalimu alizoea kusema huku akigonga ubao kwa chaki, na ya tatu huja kuutolea ushahidi. Usimkubali mtoto asiye na shahidi.

Kozi akamwita shahidi. x ikiwa tano, y ni moja.

Mwalimu alisema tatu.

Kozi akabonyeza redio.

"Mnara. Ikifika tano, niambie."

Redio ikakwaruza tena: "Tano, moja. Kaka... Mwalimu kakwambia tatu. Nilimsikia. Labda macho yake mabovu?"

"Hili si kosa la macho. Simamisha treni."

"Bila amri yake?"

"Kwa amri yangu. Haraka!"

y ikiwa sufuri, x ni tano na nusu. Hapo palikuwa na ghala kuukuu la reli.

Ubavuni mwa daraja.

Honda ikaruka mtaro. Kozi akaingia kwa mlango wa nyuma, Beretta mkononi, nyayo kimya.

Droni ilikuwa imetua sakafuni, chini ya paa lililobomoka. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti mbele yake, kiwashio kiganjani, dirishani akiitazama treni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mabega ya mzee yakalegea. "Marahaba. Ulijaribu nukta yangu."

"Ulinifundisha nisiipokee bila kuijaribu."

"Astaghfirullah. Nilisahau kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukisikiliza."

"Ulijua mke wangu yumo?"

"Nilijua. Wameniahidi kiti cha juu, mwanangu. Lakini wewe nilikutuma mashariki. Nilitaka wewe ubaki."

"Nibaki na nani?"

Kidole cha mzee kilisogea.

Risasi moja. Kiwashio kikaruka, kikapasuka ukutani. Mzee akaukumbatia mkono wake wenye damu. Kozi akamfunga pingu, akafunga na jeraha lake kwa leso, vizuri, kama mtoto amfungavyo mzazi.

"Mwanangu..."

"Huyo hayupo."

Nje, treni ilikuwa imesimama kabla ya daraja. Askari walikuwa wakishuka kutoka kwenye Land Cruiser. Kozi aliwapita bila kugeuka. Simu ikalia.

"Mume wangu, mbona tumesimama? Watu wananung'unika."

"Mtateremka hapo, mpande basi. Alhamdulillah, kheri."

"Haya. Umwambie Mwalimu nimemnunulia miwani mipya. Ile yake haoni mbali, masikini."

Kozi akafuta tangi kwa kiganja, hesabu yote ikapotea.

"Irudishe dukani," akasema, akawasha pikipiki.