Anwani Iliyobaki Mkononi mwa Zachariah

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, mimi ni Masese, mwalimu mstaafu, na kisa hiki nakijua vizuri kwa sababu nimo ndani yake. Msinisamehe haraka. Sikilizeni kwanza.

Jumamosi alasiri, baada ya ibada, nyumba ya Zachariah Momanyi pale Nyanchwa ilikuwa na raha yake. Mkewe, Phanice, aliweka chai na ndizi za kuchemsha mezani. Sisi wageni, wazee kwa vijana wa kompyuta, tulibishana kuhusu neno moja la Ekegusii, lugha yetu, mpaka chai ikapoa. Wa Manga alikuwa na jina lake la kifaranga aliyeanza kuota manyoya, wa Keumbu alikuwa na lake. Zachariah alisikiliza, akacheka, kisha akaandika yote mawili. Binti yao, Ashley, aliyasoma kwa sauti nasi tukamsahihisha.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Amang'ana, yaani "maneno", kamusi ya Ekegusii kwenye mtandao. Kwa miaka tisa watu walichanga maneno, si fedha. Ilikuwa programu huria, yaani mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuitumia na kuiboresha bila kumpigia mtu magoti. Kwa hiyo tulizoea kusema kwamba kamusi haina mwenyewe.

Lakini ilikuwa naye. Anwani ya tovuti, yale maandishi unayoandika kwenye simu ili ufike kwenye kamusi, ilisajiliwa kwa jina la Zachariah peke yake. Barua zote za kampuni iliyoisajili zilikuja kwenye barua pepe yake ya kazini, kazi ambayo alikuwa ameacha zamani. Hakuna aliyeuliza. Unamwulizaje mtu mambo ya hati wakati bado unakunywa chai yake?

Raha ilianza kuingia mchanga pale kamusi ilipoanza kukwama. Seva, ile kompyuta iliyoibeba, ilikuwa imezeeka. Asubuhi, shule zikiifungua kwa pamoja, inagoma. Joyline, mwanamke mwenye duka la kompyuta pale Keumbu na kiongozi wa wale wanaojitolea kuitunza kamusi, alikuja na pendekezo lake.

"Mzee, tuhamie seva mpya," alisema. "Na anwani tuiandikishe kwa jina la chama chetu. Chama kimesajiliwa, kiko na viongozi. Wewe utabaki mwanzilishi."

Zachariah aliweka kikombe chini. "Kwani nimekufa?"

"Hapana, mzee."

"Basi mbona mnanigawia urithi?"

Watu wetu mnajua jambo hili. Mtu anaweza kumwonyesha mwanawe mpaka wa shamba, akampandia na mti, mwana akajenga na kuzaa hapo, na hati ikaendelea kusoma jina la babu aliyezikwa zamani. Kutoa hati ukiwa hai ni sawa na kuita jeneza. Zachariah, na digrii yake ya kompyuta, aliitazama anwani ile kwa jicho hilohilo.

Tulimwendea tukiwa wazee watatu. Tulimbembeleza miezi miwili, mara kwa maandiko, mara kwa mzaha, na mwishowe akakubali. Nasi tukafurahi, tukafanya kile tunachokijua. Tukafanya sherehe.

Jamani, sherehe ile ilifana. Tulikodi ukumbi, tukachinja mbuzi, tukakata keki. Zachariah alivishwa kofia ya heshima na kukalishwa kwenye kigoda. Alimkabidhi Joyline hati ya makabidhiano iliyotiwa fremu ya kioo, na picha zikapigwa mpaka tukachoka kutabasamu. Mwenye kushika kipaza sauti nilikuwa mimi. Nilisema, "Kuanzia leo, Amang'ana ni mali ya jamii." Watu wakapiga makofi, tukaomba, tukala, tukaenda nyumbani.

Anwani yenyewe haikuwa imesogea hata hatua moja.

Joyline alihamisha maneno yote kwenye seva mpya wiki hiyohiyo. Kilichobaki ni namba ya siri ya kuhamisha anwani, ambayo kampuni humtumia mwenye jina tu. Alimpigia Zachariah simu. Zachariah akasema, "Nitakutumia kesho." Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Mara mtandao ni mbovu, mara yuko mazishini, mara amesahau neno la siri la barua pepe. Watu waliendelea kuingia kwenye ile seva nzee iliyochoka, na seva mpya ikakaa na kamusi nzima bila mgeni.

Mara ya nne Zachariah alimjibu kwa ukali: "Joyline, si nilikukabidhi mbele ya watu wote? Unataka nikukabidhi mara ngapi?"

Joyline alikuja kwangu. Alikuwa amekasirika, lakini sauti yake aliishusha kwa heshima. "Mwalimu Masese, ongea na yeye. Bila hiyo namba hatuna kitu. Tuko na fremu ya ukuta tu."

Nikamjibu kama mtu mwenye busara, na bado najisikia vibaya nikikumbuka: "Mwache mzee. Amesema mbele ya watu. Ukimdai tena, ni kama unamwita mwongo."

Akaondoka. Hakuniuliza tena.

Nyumbani Nyanchwa, Zachariah hakutulia. Phanice alinieleza baadaye. Alikuwa akizunguka uani na simu mkononi, akihesabu ni watu wangapi wameingia kwenye kamusi siku hiyo. Anakaa kula, anainuka. Ashley anamwambia jambo la shule, yeye anaitikia "mm" na macho yako kwenye simu. Kikitikisika kitu nje, anashtuka. Mtu aliyekwisha kutoa hupumzika. Huyu alikuwa ametoa kwa mdomo huku mkono umekunja ngumi, na mkono wa hivyo huuma.

"Baba Ashley," Phanice alimwambia siku moja, "ulichotoa mbona bado umekishika?"

"Nimeshika kamba tu. Ng'ombe yuko kwao."

"Mwenye kamba ndiye mwenye ng'ombe. Mpe Joyline hiyo namba tulale."

"Nitampa. Sijakataa."

Na ni kweli, hakukataa. Angekataa, tungejua la kufanya. Ubaya wa mtu wa "kesho" ni kwamba humwachi wala humpati.

Mwaka wa usajili ukafika mwisho. Zachariah alisema moyoni, sasa ni mali ya chama, chama kitaihuisha. Chama nacho kilisema, jina ni lake, sisi tunangoja namba. Kampuni iliandika onyo la kwanza, la pili na la tatu, yote kwenye ile barua pepe ya zamani ambayo hakuna aliyeifungua. Siku za ziada za kulipia zikapita. Anwani ikaachwa wazi, na mtu wa mbali tusiyemjua akaichukua.

Kabla haijachukuliwa, Zachariah alikuwa ameona kamusi haifunguki. Akadhani ni ile seva nzee imekwama tena, na kwa kiburi hakumwuliza Joyline wala hakuifungua tena. Shule zilikuwa zimefungwa. Joyline naye alikuwa amechoka kuomba.

Phanice ni mwalimu wa shule moja kule Manga. Yeye ndiye aliyekuwa amechapisha, kabla ya likizo, vijitabu vya mazoezi mia tatu vya wanafunzi, na kila jalada lina anwani ya Amang'ana kwa herufi kubwa. Alijivunia mumewe, na kosa lake ni hilo tu. Shule zilipofunguliwa, aliwaambia darasa lake watafute neno kwenye tableti. Palipokuwa na kamusi pakatokea magurudumu yanayozunguka, sarafu zinazomwagika, na maandishi ya kumkaribisha mgeni acheze kamari.

Wengine walicheka. Lakini watatu hawakushangaa, na Phanice aliliona hilo. Ukurasa ule walikuwa wameujua tangu likizo.

Alikuwa bado anatafuta namna ya kumwambia mumewe pale Alhamisi mzazi mmoja, Onsongo, mkulima wa chai, alipokuja shuleni na kijitabu mkononi. Hakuketi.

"Mwalimu, mimi si mtu wa maneno mingi. Kijana yangu amecheza hii kitu likizo yote na laini yangu ya simu. Nimemwuliza nani alimwonyesha. Akaniletea hii kitabu yako."

Phanice alisoma jalada alilolichapisha mwenyewe. Mwalimu mkuu alimtaka aandike barua ya kujieleza, na kuanzia siku ile wazazi waliomsalimu barabarani wakaanza kutazama upande wa pili. Miaka kumi na minane ya ualimu, na jina lake sasa linatajwa pamoja na kamari. Aliniambia aliumia kuliko alivyowahi kuumia msibani.

Hakupiga kelele alipofika nyumbani Alhamisi hiyo jioni. Aliweka kijitabu mbele ya mumewe.

"Fungua hiyo anwani yako."

Zachariah aliifungua. Ashley alikuwa amesimama mlangoni. Magurudumu yakaanza kuzunguka.

"Ile kamba," Phanice alisema. "Sasa ameshika nani?"

Kesho yake asubuhi Zachariah alikuwa Keumbu kabla Joyline hajafungua duka. Alitaka anwani irudishwe, kwa namna yoyote. Joyline alimpa kiti.

"Mzee, haiwezekani. Sasa iko na mwenyewe. Nimemwandikia mara tano tangu shule zifunguliwe, hajibu."

"Na maneno? Miaka yote tisa?"

"Maneno yako kwa seva mpya. Karibu yote, ila yale ya baada ya sherehe. Nilikuwa nimeyahamisha."

Zachariah alilia pale dukani, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, na wateja wakitazama. Joyline alimwacha alie. Kisha akasajili anwani mpya kwa jina la chama, barua pepe ya chama, na neno la siri likashikwa na viongozi watatu. Nusu saa tu. Hakuna aliyehutubia.

Kwa hiyo mtasema kamusi iliokoka, na ni kweli. Lakini ile anwani ya kwanza iko kwenye majalada, kwenye kuta za zahanati, na kwenye simu za watoto wetu walio ughaibuni, na haiwezi kuitwa irudi.

Zachariah alikwenda Manga na mkewe. Kwa siku mbili waliketi katika ofisi ya walimu wakibandika karatasi zenye anwani mpya juu ya ile ya zamani, kijitabu kimoja kimoja. Kisha akaomba kusimama mbele ya mkutano wa wazazi. Nilikuwepo, nami nilisimama naye.

"Mwalimu Phanice hana hatia," alisema. "Kosa ni langu. Nilisema nimetoa, na sikutoa. Vitabu vyote tumevibandika karatasi mpya."

Onsongo aliinuka nyuma, kofia mkononi. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililotuvunja moyo.

"Nimeelewa, mzee. Kitabu kimebandikwa. Sasa mwanangu nimbandike karatasi gani?"

Zachariah alifungua mdomo, akakosa neno. Mtu wa kamusi nzima.

FUNZO

Wapendwa wasomaji, kisa hiki si cha kompyuta. Ni cha tabia yetu ya kupenda kuonekana tunatoa kuliko kutoa. Kitu cha wengi kikikaa katika jina la mmoja, hata akiwa mtu mwema, kiko hatarini, na watakaoumia si wale waliokula kwenye sherehe. Kupokezana si kufa. Aliyetoa akiwa hai huweza kuulizwa, kusaidia na kushukuriwa.

Nanyi wazee wenzangu, heshima inayomzuia mdogo kusema ukweli si heshima, ni uoga tunaouvika koti. Niliposema "mwache mzee," nilimharibia Zachariah mwenyewe, na Phanice, na mtoto wa Onsongo ambaye hata sikumjua.

Kama una kitu cha jamii mikononi mwako, iwe tovuti, shamba la kanisa au muhuri wa chama, kihamishe leo. Ukimaliza, mpigie simu aliyepokea umwulize kama kimefika. Akikwambia ndiyo, amekiona kwa macho yake, hapo ndipo umekabidhi.