Mshipi wa Ratemo

Ratemo wa Mosocho, rafiki yangu, aliniapia kwamba haya yalimkuta mwaka wa sabini na nne. Alikwenda Kendu, ziwani, kuvua samaki aina ya mbuta kwenye gati, akauzungusha mshipi wa kuvulia mkononi kama sisi Wakisii tunavyoshika kamba ya ng'ombe. Jioni ukungu ukafunika ziwa. Kitu kikavuta polepole, bila kupapatika kama samaki.

"Jakisii, achilia!" mwenyeji wake Okoth akapiga kelele, akimwita Mkisii kwa Kijaluo.

"Hauniachi!" Ratemo akajibu.

Okoth akaukata mshipi kwa kisu. Chini ya mbao za gati ikasikika pumzi ndefu.

Kesho yake, nyumbani Mosocho, mkewe Bochaberi alishindwa kukifungua kipande cha mshipi kilichobaki mkononi mwa mumewe. Kilikuwa bado kinachuruzika maji, na ncha yake ilikuwa imenyooka hewani, imekazwa, ikielekea mlangoni, upande wa ziwa.