Siku Devota Aliposahau Ndege

Hapa kwetu Ubaruku, mpunga ukianza kujaza punje, hakuna anayelala mpaka jua litoke. Kwelea kwelea, ndege wadogo wala nafaka, wanakuja kama wingu. Usipowaamia na kuwafukuza, utavuna makapi. Kwa hiyo alfajiri kila nyumba iko shambani, na debe, na kombeo, na madonge ya udongo.

Hapo ndipo binti yangu Devota alipojifunza kudaka. Alikuwa na miaka minane. Anasimama juu ya kichanja katikati ya mpunga, mimi niko kwenye tuta. Namrushia donge, analidaka, anatia kwenye kombeo, anapiga ndege. Donge likianguka majini limepotea, na baba yake hakupenda kazi ya kupoteza. Basi Devota hakuacha hata moja lianguke. Nikirusha kulia, yuko. Nikirusha vibaya, yuko.

Baba yake, marehemu Rabson, alitutoka Devota akiwa darasa la sita. Alituachia shamba, nyumba, na Biblia yake yenye jalada jeusi. Mungu ndiye aliyenisaidia kulea.

Kutoka shule ya msingi walimchukua kwenye mashindano ya shule, awe kipa wa mpira wa miguu. Kisha akadakia timu ya wasichana kule Iringa miaka miwili. Kisha akarudi timu ya Mbeya. Alipofika miaka ishirini, akaitwa timu ya taifa ya wanawake. Amepanda ndege mara nne kwenda nchi za watu. Mara zote nne alikaa benchi.

Mwaka huu kipa wa kwanza akaumia bega. Simu ikaja kutoka timu ya taifa.

"Devota, ripoti kambini Jumatano. Mechi ya ugenini unaanza wewe."

Nilipiga magoti palepale jikoni. Nikasema, Bwana, umemwona mtoto wa mjane.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatano alikuwa na mechi ya mwisho na timu yake, uwanja ulioko Soweto, Mbeya mjini. Nikaenda kutazama. Kipindi cha pili mshambuliaji wa wapinzani alikimbia na mpira peke yake. Devota akatoka langoni, akajirusha miguuni pake. Mpira akaupata. Lakini goti la yule binti lilimpata hapa, juu ya sikio. Nilisikia mlio wake nikiwa nimekaa mbali.

Devota akalala. Nikahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, nne. Hakusogea.

Kisha akainuka. Watu wakapiga makofi. "Huyo ndiye kipa wa taifa! Chuma!" Mwalimu wa timu ya Devota, Clement, akamkimbilia.

"Unaweza, Devota?"

"Naweza, mwalimu."

Akarudi langoni akiyumba kidogo. Akadaka mpaka mwisho. Walishinda.

Tukapanda gari kurudi nyumbani. Njiani akaniuliza, "Mama, tumetoka ngapi ngapi?"

Nikacheka. "Si mmeshinda moja bila!"

"Ee, kweli." Akatazama nje. "Mama, mvua imenyesha Ubaruku?"

"Imenyesha juzi, mwanangu."

Tulipofika Igawa akaniuliza tena, "Mama, mvua imenyesha Ubaruku?" Nikamjibu tena. Tulipokaribia nyumbani akauliza mara ya tatu, kwa sauti ileile, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza. Hapo sikucheka.

Jumapili hakuweza kwenda kanisani. Alisema mwanga unamchoma macho, akatundika kanga dirishani. Chai aliinywa, akaitapika. Nikamkanda kichwa kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi, kama tulivyokandwa sisi na mama zetu. Akalia.

"Devota, twende kituo cha afya."

"Mama, hapana! Wakisikia naumwa, watamwita mwingine. Miaka mitatu nimekaa benchi. Mitatu, mama!"

"Lakini mwanangu..."

Akaichukua Biblia ya baba yake, akaushika mkono wangu, akauweka juu yake. "Niapie hutamwambia mtu. Wala mwalimu, wala tabibu."

Nilitazama lile jalada jeusi. Nilitazama uso wa mwanangu ulivyopauka. Nikaapa. Mungu anisamehe, niliapa. Nikaenda duka la dawa kununua vidonge vya maumivu.

Jumatatu asubuhi aliniambia amepona. Akasema atakwenda kuamia ndege, mimi nipumzike. Nikamwacha atangulie. Nilipopika uji nikamfuata.

Nikamwona kwa mbali, amesimama juu ya kichanja. Kombeo lilikuwa mkononi. Kwelea kwelea walikuwa wametua shamba zima. Walikuwa wanakula mpunga wetu, karibu yake kabisa, mmoja ametua kwenye mti wa kichanja, karibu na kiwiko chake. Devota hakuinua mkono. Alikuwa anatazama upande mwingine, kule ambako hakuna kitu.

"Devota!"

Hakugeuka.

Nikachukua donge la udongo. Nikamrushia polepole, kama tulivyofanya akiwa mtoto. Donge likampita, likaanguka majini. Hakulidaka.

Mwanangu, mwenye mikono ile.

Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani kama kipofu. Nikamlaza. Nikakimbia tena duka la dawa.

Mwenye duka ni Shaista. Familia yake iko hapa toka enzi za babu yake, na yeye alisomea dawa. Ananiheshimu, namheshimu.

"Dada Shaista, nipe vile vya jana. Au vikali zaidi."

Hakuinuka. "Mama Devota, jana ulichukua vya siku tatu. Vimekwisha?"

"Vimekwisha."

"Ni nani anameza hivi?"

"Ni... jirani."

"Jirani anaumwa nini?"

"Kichwa."

"Kilianza chenyewe au alipigwa, alianguka?"

Nilikumbuka jalada jeusi chini ya kiganja changu.

Shaista akatoka nyuma ya kaunta, akakaa nami kwenye benchi. "Mama, usiniambie jina. Nijibu kwa kichwa tu. Aligongwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Anatapika? Mwanga unamuumiza? Anauliza jambo lilelile mara nyingi? Anaduwaa?"

Kila neno lilinichoma. Nikakubali, nikakubali, nikakubali.

"Basi huyo jirani yako ubongo wake umetikisika. Ubongo ni laini, mama, kama uji mzito ndani ya bakuli. Ukigonga bakuli kwa nguvu, nje hutaona hata ufa, lakini ndani uji umerukaruka. Kidonge hakiwezi kuutuliza. Vingine vya maumivu, kama kuna damu inavuja ndani, vitaiongeza. Na vikipunguza maumivu, mtu atadhani amepona."

"Atapona lini?"

"Akipumzika, wengi hupona. Lakini kuna hatari moja, na hiyo ndiyo ninayoiogopa. Akigongwa tena kabla hajapona, hata kidogo tu, ubongo unaweza kuvimba. Anaweza kufa uwanjani, mama."

Alisema uwanjani. Nilimtazama.

"Ubaruku nzima inajua mwanao anaondoka Jumatano," akasema taratibu.

Nikaanza kulia. "Nimeapa, Shaista. Nimeapa juu ya Biblia ya baba yake."

Akanipa kitambaa cha kufutia machozi. "Mimi dini yangu ni nyingine, siwezi kukufundisha yako. Lakini hakuna kitabu cha Mungu ninachokijua kinachopenda kiapo cha kumwua mtoto."

Nikatoka. Njia nzima nilikuwa naomba. Ndipo Neno likanijia, lile nililosikia toka utotoni. Mfalme Herode alimwapia binti mbele ya wageni kwamba atampa lolote atakaloomba, na binti akaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji. Mfalme akahuzunika, lakini akashika kiapo chake, na kichwa cha Yohana kikaletwa katika kombe. Nikasimama njiani. Nikasema kwa sauti, "Bwana, mimi si Herode. Nihesabie kosa la kuvunja, lakini kichwa cha mwanangu sikitoi."

Nilipofika nyumbani nikampigia simu mwalimu Clement nikiwa uani. Nikamwambia yote.

Devota alinisikia dirishani. Akatoka akishika ukuta.

"Uliniapia, mama."

"Niliapa."

"Umeniua."

"Hapana, mwanangu. Nimekataa kukuzika. Nichukie tu, lakini panda pikipiki twende kituo cha afya."

Kituo cha afya tulimkuta tabibu, anaitwa Apolonia. Alimmulika macho kutazama kama mboni zinalingana. Alimwambia asimame kwa mguu mmoja, akashindwa. Alimtajia maneno matano ayarudie, akarudia mawili. Akaandika barua, tukapelekwa Mbeya na gari la wagonjwa, kwenye mashine ya kupiga picha kichwa.

Njia ile ilikuwa ndefu. Alipofumba macho niliweka kidole chini ya pua yake, nione kama anapumua.

Picha ikatoka. Damu haikuwepo. Devota akafufuka. "Si unaona, mama! Niko salama. Jumatano naondoka."

"Hapana," daktari akasema. "Picha inaonyesha damu na mfupa. Mtikisiko wenyewe mara nyingi hauonekani kwenye picha. Tunaujua kwa dalili, na wewe unazo."

Tulirudi na maagizo. Siku mbili za mwanzo apumzike, simu na televisheni aache. Kulala aruhusiwe, ila mtu awe naye. Akitapika tena na tena, au kichwa kikizidi kuuma, au akishikwa na degedege, au akilegea upande mmoja, au asiamke vizuri, arudishwe hospitali hapohapo. Kisha aanze kwa hatua. Kutembea. Kukimbia taratibu. Kudaka bila kugongana. Dalili zikirudi, arudi nyuma hatua moja. Mechi ni mwisho, na ni kwa ruhusa ya daktari tu, wala si yake mwenyewe au ya mashabiki.

Mwalimu Clement alikuja mpaka nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa.

"Mama, nimekosa mimi. Nilimwona akiyumba, nikamwuliza kama anaweza. Aliyegongwa kichwa haulizwi. Anatolewa."

"Na mimi nilimkanda na maji ya moto," nikasema.

Clement ndiye aliyempigia mwalimu wa timu ya taifa kumwambia Devota haji. Jumatano ikapita. Siku ya mechi tulisikiliza redio, sauti ya chini. Kipa mwingine alidaka, tena vizuri. Devota aligeukia ukutani. Kwa siku nne hakuniita mama. Nilikuwa naogopa mambo mawili: kwamba hatapona, na kwamba akipona hatanisamehe.

Siku ya tisa aliamka mapema. Akaja shambani taratibu, amevaa kofia ya kuzuia jua. Kwelea kwelea walikuwa wanazunguka. Akasimama chini ya kichanja.

"Mama, rusha."

"Daktari amesema..."

"Daktari amesema nianze na vitu vyepesi. Donge ni jepesi. Rusha bwana, watatumaliza hao!"

Nikarusha. Likaenda upande kabisa. Akalidaka.

"Hujui kurusha mpaka leo," akasema. Nikakaa chini kwenye tuta nikalia mpaka akanijia.

Wiki ya sita daktari alimruhusu kucheza. Timu ya Mbeya sasa wana kanuni, mwalimu Clement ameiandika kwenye karatasi na kuibandika chumba cha kuvalia. Akigongwa mtu kichwa anatoka, siku hiyo harudi, hata kama ni fainali. Nami kila tukitoka ibada nawaambia akina mama wenzangu. Mtoto akianguka mwembeni, kijana akianguka na pikipiki, msikimbilie chumvi na maji ya moto. Mtazameni, mwulizeni, mpelekeni.

Miezi minne baadaye timu ya taifa ilimwita tena. Safari hii alianza yeye, ugenini. Mimi na Shaista tulitazama dukani kwake. Dakika ya sabini akaruka kudaka kona, akagongana na beki wake, wakaanguka wote. Shaista alinishika mkono. Nilisahau kuomba hata. Devota akakaa kitako. Hakukimbilia kuinuka. Aliinua mkono mwenyewe, akamwita daktari wa timu. Wakamchunguza pale chini kwa muda mrefu, uwanja mzima ukizomea kwamba anapoteza muda. Ni bega lililokuwa limegongwa. Akaruhusiwa kuendelea. Wakatoka sare.

Jioni, bado tuko dukani, simu ikalia.

"Mama, shikamoo. Umeona?"

"Marahaba. Nimeona, mwanangu. Bwana asifiwe."

"Huko mvua imenyesha?"

Lilikuwa swali lile la ndani ya gari. "Imenyesha. Jana."

Nikashika simu kwa mikono miwili, nikasikiliza anavyopumua. Shaista naye akaacha kuhesabu vidonge.

"Mama," akasema Devota, nikasikia anacheka. "Unasubiri niulize tena?"

"Nasubiri."

"Siulizi. Umesema jana. Kesho wahi shambani, mpunga utakuwa umelala kwa mvua hiyo, ndege watashuka."