Boksi la Mkunga

Boksi lilirudi likiwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Mkunga aliliweka mezani, akampigia daktari, mwenye kliniki aliyokuwa akifanyia kazi. Alikuwa ameacha kazi bila ugomvi. Mashine ndogo ya altrasaundi, aliyozunguka nayo kupima wajawazito majumbani, aliizungushia blanketi, akaitia kwenye boksi na kumrudishia daktari kwa basi. Ilifika kioo kimepasuka, naye daktari akairudisha.

"Uliacha kazi, hukuacha dhamana," daktari alisema. "Boksi lako, jukumu lako."

"Iliharibika njiani, daktari! Niliifunga kama kitoto kichanga!"

"Basi kaa nayo."

Simu ikakatwa.

Jua likiwa bado halijazama, nyumba ikaanza kunuka damu mbichi. Mdogo wake, aliyekuwa amekaribia kabisa kujifungua, alitoka chumbani akijishika kiuno.

"Dada, umewasha hiyo mashine?"

"Haina hata chaji."

"Mbona inapumua?"

Kioo kikawaka chenyewe. Ndani yake, katikati ya nyufa, mkunga alimwona mtoto wa mdogo wake amejikunja, na nyuma ya mtoto, mahali pasipotosha hata ngumi, kulikuwa na mwingine, wa vidole virefu, ameketi wima, uso umewaelekea wao, na kidole kimoja kikipapasa taratibu kitovu cha mtoto kama mtu anayetafuta pa kufungulia fundo.

"Dada," mdogo mtu alinong'ona, "mtoto ameacha kucheza."

Mkunga alimpigia mganga wa mtaa wa pili, naye akafika mbio. Hata hakuketi. Alimwekea mgonjwa kiganja tumboni, na sauti nzito, isiyo yake, ikatoka katika kinywa cha yule binti.

"Walibwaga boksi njiani, juu ya mwanangu. Nani anajibu?"

"Wapakiaji wa basi!" mkunga alilia. "Wao ndio walioangusha!"

"Nimewauliza. Wanasema si wao."

"Daktari basi! Mashine ni yake!"

"Nimemuuliza. Anasema ni yako."

Midomo ya mdogo wake ilikuwa inageuka rangi. Mganga akamsogelea mkunga sikioni. "Anataka wa kujibu. Akimkosa, atamchukua huyu aliye karibu."

Mkunga alimtazama mdogo wake aliyemlea tangu mama yao afariki, akatazama lile tumbo lililotulia tuli, akahisi hasira yake yote, na haki yake yote, vinamtoka kama maji.

"Mimi," alisema. "Boksi ni langu."

Kioo kikazimika. Mdogo wake akavuta pumzi kwa kishindo.

"Anacheza! Dada, anacheza!"

Mganga hakushangilia. Alikuwa akimtazama mkunga, ambaye hakuwahi kushika mimba maishani mwake, na ambaye sasa alikuwa anaketi polepole, akiuchukua mkono wa mganga na kuuweka juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Na huyu anayecheza humu," aliuliza, "ni nani?"

Mganga aliuchomoa mkono wake upesi.