Machicha ya Dawa Njia Panda

Asubuhi Bi Kuang alimpikia mjukuu wake uji wa mchele. Susu, mtoto wa miaka mitatu, alikataa hata kijiko kimoja. Alikuwa na homa na kikohozi kwa siku ya nne. Sasa alihema mbiombio, na ngozi ya chini ya mbavu ilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Kikohozi tu," Bi Kuang alimwambia jirani yake, Fang.

"Kikohozi gani kinachobonyeza mbavu? Hiyo nimonia! Panda pikipiki, acha ubishi!"

Walipofika hospitali, Daktari Nie aliuliza, "Bibi, umempa dawa gani nyumbani?"

"Sijampa kitu."

Aliongopa. Kwa siku mbili alikuwa amemchemshia na kumnywesha mizizi na vijiti alivyoandikiwa marehemu mumewe na mganga wa mitishamba, kipimo cha mtu mzima. Lakini mkwewe Liqiu, mama wa mtoto, alikuwa kiwandani mjini. Angesikia, angemchukua Susu. Bi Kuang hakuwa na mwingine nyumbani.

Daktari akampa mtoto dawa ya kuua vijidudu na ya kufungua kifua. Haikupita saa, moyo wa Susu ukaenda mbio, midomo ikabadilika rangi. Wauguzi wakamkimbilia. Bi Kuang alisimama ukutani. Ulimi ulikuwepo, lakini hakuutumia, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Mchana Liqiu, aliyepigiwa simu na Fang, akaingia na mfuko wa nailoni. Alikuwa amepitia nyumbani kuchukua nguo za mtoto.

"Mama, haya machicha uliyamwaga wewe njia panda?"

Kijijini kwao machicha ya dawa humwagwa njiani, wapita njia wayakanyage, ugonjwa utawanyike. Bi Kuang aliinamisha kichwa. "Ni mimi."

Daktari Nie akayachambua kwa kidole. "Kijiti hiki hukimbiza moyo, bibi. Na dawa yetu ya kifua vilevile. Ungesema, tusingezichanganya."

"Mngenicheka."

"Tukucheke? Ghorofa ya chini tunachemsha mitishamba wenyewe! Lakini tunapima kwa uzito wa mtoto, na daktari wa mitishamba na mimi tunaandika kwenye faili moja. Sindano inaua vijidudu. Ya kuchemsha inasaidia kulainisha makohozi. Moja haiifukuzi nyingine, ila lazima zijuane."

Wakabadilisha dawa. Susu akapewa sindano zote hadi ya mwisho, na kikombe kidogo cha mitishamba iliyopimwa. Siku ya tisa hospitalini aliomba uji.

Siku ya kumi Liqiu alimfungashia nguo, aende naye mjini.

"Nimekosa, mwanangu," Bi Kuang alisema. "Niachie."

"Mizizi ningekusamehe, mama. Lakini uliulizwa, mtoto anakata roho, ukanyamaza."

Basi likaondoka nao.

Siku hizi Bi Kuang huwaambia wanawake kijijini: "Mtoto akihema mbio, mbavu zikabonyea, msingoje. Daktari akiuliza, semeni kila kitu." Wanamsikiliza, na watoto wanawahishwa hospitali.

Susu hakohoi tena. Habari hiyo Bi Kuang huipata kwa simu.