Mkwe Hapimiwi

Asubuhi ile Ghanima alikaa juu ya mbuzi, akikuna nazi. Mkono ulikuna, moyo ulikuwa mbali. Aliona meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Ilianzia uani kwake, Ngamiani, ikaenda, ikaenda, hadi ikazama kwenye ukungu. Juu yake biriani, kuku, samaki na sambusa. Wakwe kutoka Kigombe walipita polepole, wakila na kusifu.

"Mama! Utakuna kidole!" Jumana alimwita.

Ghanima akashtuka, akacheka. Jumapili wakwe wangeleta mahari ya Jumana. Binti alitaka bufee, kila mgeni ajipakulie. Mama alikubali, ingawa fedha ilikuwa haba.

Lakini alikuwa na hofu. Mtaa wa pili, kwenye bufee ya posa, waliotangulia walijaza nyama. Waliofuata walikuta mchuzi mtupu. Mpaka leo bibi harusi yule anaitwa Binti Mchuzi. Ghanima hakutaka mwanawe aende kwa mumewe na jina kama hilo.

"Hodi!" Alikuwa Leticia, jirani yao, mpishi wa sherehe.

"Karibu, mama Bryson."

"Shikamoo, mama Bryson," alisema Jumana.

"Marahaba, mchumba wa watu. Haya, Jumapili mnapika nini?"

"Biriani, kuku, samaki wa kupaka…" Ghanima alianza.

Leticia alicheka hadi akashika kiuno. "Samaki? Kwa wavuvi wa Kigombe? Hao samaki wanawaota!"

Wote wakacheka. Kisha Leticia akavuta kigoda.

"Jirani, bufee si wingi wa vyakula. Pika vichache, vimtosheleze kila mtu. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, mchicha, kachumbari. Mchuzi wa nyama uwe mmoja. Kata nyama vipande vidogo, utie viazi. Machungwa ya Muheza yamejaa sokoni, ni rahisi."

"Nyama itafika kwa wa mwisho?"

"Itafika, ukiiweka mwisho wa meza."

"Mgeni hukirimiwa nyama kwanza!"

"Ndiyo maana huisha. Mwenye njaa hujaza anachokikuta kwanza. Aanze na wali, mbaazi, mboga. Sahani ikishajaa, ndipo aione nyama. Na hapo asimame mtu na upawa."

Ghanima aliacha kukuna. "Upawa? Nimpimie mkwe wangu? Mama Bryson, mkwe hapimiwi!"

Leticia hakukasirika. "Mgeni akiingia humu, wifi yako Azza hufanya nini?"

"Humpakulia."

"Mgeni huona vibaya?"

"Aone vibaya kwa nini? Kupakuliwa ni heshima."

Ghanima akaweka nazi chini. Neno lake mwenyewe lilimrudia taratibu, kama harufu ya iliki.

"Kumbe," alisema. "Kupimiwa aibu, kupakuliwa heshima. Na upawa ni ule ule!"

"Basi asimame Azza. Na vya nazi vipikwe asubuhi ile ile. Vikilala kwenye joto hili vitachacha, na tumbo la mkwe halina subira. Peleka mezani kidogo kidogo. Vingine vibaki jikoni, vimefunikwa, juu ya moto."

Jumapili kitambaa cheupe kilitandikwa uani. Meza ilikuwa fupi kuliko ile ya ndotoni. Mvuke wa wali ulipanda, nyuso za wageni zikaonekana kama ziko ng'ambo ya ukungu. Mwisho wa meza alisimama Azza na upawa wake.

"Karibu, shemeji! Nyama hii yako. Na kiazi hiki kimekung'ang'ania, sikiwezi!"

Wageni walicheka, wakasogea. Aliyetaka kuongeza alirudi kwenye wali na mbaazi.

"Bi Azza," alisema mzee Hatibu, mjomba wa bwana harusi, "nilivyokula samaki, nilikaribia kuota magamba. Leo mmeniokoa. Na kwenu mgeni hupakuliwa kwa mkono! Tumepata watu."

Jumana, nyuma ya pazia, aliziba mdomo kwa kanga akicheka.

Wa mwisho alikuwa Ghanima, akinuka moshi. Zamani mpishi alikula ukoko. Alichungulia sufuria kwa hofu. Nyama ilikuwapo.

"Nipimie kidogo tu, wifi."

Azza akainua upawa uliojaa. "Hata wewe leo ni mkwe wa watu. Na mkwe hapimiwi. Lete sahani!"